Chakula, Mwenendo wa Maisha na Ugonjwa wa Vidonda vya Utumbo Mpana

(Haya ni maelezo yaliyotolewa na Idara yetu ya Afya kwenye semina ya kamati za afya za parokia. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa, kwa kuwa wajumbe wengi waliomba nakala za kupeleka kwenye jumuiya zao.)



Mada ya leo hatukuichagua sisi, imetoka kwenu. Katika taarifa za robo mwaka mlizotuletea, kamati kadhaa ziliuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: je, mtu mwenye kolaitisi anaweza kujitunza kwa njia za asili, yaani kwa chakula na mwenendo wa maisha, bila kumeza vidonge kila siku? Tulipoyasoma maswali hayo tulinyamaza kidogo ofisini, kwa sababu sisi wenyewe tunalo deni katika jambo hili. Deni hilo tutalieleza mbele.

Jibu fupi ni kwamba chakula na mwenendo wa maisha vinasaidia sana, lakini haviondoi haja ya dawa. Jibu refu ndilo lililotuleta hapa.

Ugonjwa wenyewe

Tuanze na jina, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Watu wetu wakisikia "vidonda" hufikiria vidonda vya tumbo, ambavyo kila jirani ana dawa yake. Vidonda vya tumbo hukaa kwenye mfuko wa chakula au mwanzoni mwa utumbo mwembamba. Kolaitisi ya vidonda hukaa kwenye utumbo mpana. Huanzia karibu na njia ya haja kubwa na kupanda juu. Ngozi ya ndani ya utumbo huvimba, huwa nyekundu, huchubuka na kutoa damu na kamasi. Mgonjwa huharisha damu. Hubanwa ghafla asiweze kusubiri hata dakika mbili. Hukimbilia chooni akakuta hakuna haja, ni damu na kamasi tu. Huamka usiku mara tatu, mara nne. Hukonda, hupungukiwa damu, na wengine huumwa viungo au macho. Mara nyingi ugonjwa huanza ujanani, kati ya miaka 15 na 35, umri ambao mtu anasoma, anachumbia au analea watoto wadogo.

Kinachotokea ni kwamba kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Kwa nini hufanya hivyo, wataalamu hawajapata jibu kamili. Kuna sehemu ya kurithi na kuna sehemu ya mazingira. Ugonjwa hauambukizi, kwa hiyo hakuna sababu ya kumtengea mgonjwa sahani au kikombe. Si kurogwa. Wala si adhabu ya dhambi, na hili tunalisema wazi kwa sababu limewahi kusemwa kwa mgonjwa akiwa kitandani, tena na watu waliokuja kumwombea.

Jambo lingine la kushika ni kwamba ugonjwa huu una vipindi. Hulipuka, kisha hutulia kwa miezi au hata miaka, kisha hulipuka tena. Kutulia huku ndiko kunakowatajirisha wauza dawa. Mtu akinywa kitu chochote siku ambazo ugonjwa uko njiani kutulia, ataapa kwamba alichokunywa ndicho kilichomponya, naye atasema kweli kwa jinsi alivyoona.

Hata hivyo, si kila damu katika choo ni kolaitisi. Katika maeneo yetu yanayozunguka Ziwa Victoria tuna kichocho cha tumbo, tuna amiba, tuna kuhara damu kunakotokana na bakteria, tuna kifua kikuu cha utumbo, tuna bawasiri, na tuna saratani ya utumbo mpana. Yote haya yanaweza kutoa damu. Ndiyo maana hatutaki mjumbe yeyote atoke hapa akamwambie jirani yake kwamba ana kolaitisi. Tunachotaka mtoke nacho ni hiki: mtu aliyemaliza dozi ya dawa ya amiba na damu ikarudi, asiendelee kununua dozi nyingine dukani. Tumekutana na wagonjwa waliomeza metronidazoli kwa mwaka mzima, dozi baada ya dozi, kila mara wakipewa bila choo kupimwa. Mtu wa namna hiyo apimwe choo, apimwe damu, na ikibidi apelekwe hospitali ya rufaa kama Bugando, KCMC au Muhimbili ili utumbo uangaliwe kwa mpira mwembamba wenye kamera na kipande kidogo cha nyama kichukuliwe kupimwa. Kipimo hicho kinaitwa kolonoskopi. Kinaogopesha kwa kusikia kuliko kwa kufanyiwa.

Dona, nyuzinyuzi na daktari wa Uganda

Wengi wenu mmesikia kwenye semina zetu za lishe tukihimiza dona badala ya sembe, mboga za majani, maharage na matunda. Ushauri huo una historia inayotuhusu. Daktari mpasuaji Denis Burkitt, Mkristo mwenye imani kubwa aliyezaliwa Ireland ya Kaskazini, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko kwa karibu miaka 20. Aliona kwamba magonjwa mengi ya utumbo yaliyokuwa ya kawaida Ulaya hakuyakuta kwa Waafrika waliokula vyakula visivyokobolewa. Mwenzake Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda na baadaye akawa padre wa Kanglikana huko Uingereza, alikuwa na mawazo yaleyale. Mwaka 1975 walitoa pamoja kitabu kuhusu vyakula vilivyokobolewa na magonjwa yanayofuatana navyo. Tangu hapo dunia nzima inahubiri nyuzinyuzi, nasi tunahubiri.

Ushauri huo ni mzuri kwa mtu mzima wa afya. Ni mzuri pia kwa mwenye kolaitisi wakati ugonjwa umetulia. Lakini utumbo ukiwa na vidonda vibichi, dona, kisamvu na mahindi ya kuchoma ni kama kusugua kidonda kwa gunzi. Tumewahi kumwona mama aliyekuwa akimlazimisha binti yake mgonjwa kula kisamvu na maharage kila siku "kwa sababu Idara ya Afya imesema". Tulisema kweli. Hatukusema ni kwa nani na wakati gani.

Kwa hiyo tugawe chakula mara mbili.

Ugonjwa unapokuwa umelipuka, mgonjwa ale chakula laini kisicho na nyuzi nyingi, kidogo kidogo mara tano au sita kwa siku, badala ya milo miwili mikubwa. Wali uliopikwa ukaiva sana. Uji wa mchele au wa sembe. Viazi mviringo vya kuponda. Mtori wa ndizi, ambao ndugu zetu wa Kilimanjaro huwapikia wazazi waliojifungua, unafaa sana hapa ukipunguzwa mafuta. Mayai ya kuchemsha, sato wa kuchemsha aliyetolewa miba, kuku aliyechemshwa akatolewa ngozi. Boga lililomenywa, karoti zilizoiva, ndizi mbivu, papai lililoiva vizuri. Dagaa ni chakula cha thamani kwa mtu anayepoteza damu na mifupa, ila katika kipindi hiki wasagwe, wachekechwe na kutiwa kijiko kwenye uji au supu. Aache kwa muda karanga, bisi, kachumbari, miwa, maembe yenye nyuzi, maharage yenye maganda, pilipili, vya kukaanga, soda, kahawa kali na pombe ya aina yoyote.

Anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Akikosa pakiti za maji ya chumvi na sukari za zahanati, atengeneze nyumbani: lita 1 ya maji safi yaliyochemshwa na kupozwa, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Chumvi isizidi. Anywe kidogo kidogo siku nzima.

Kuhusu maziwa tumeulizwa mara nyingi. Si kila mgonjwa yanamdhuru. Wapo ambao maziwa mabichi yaliyochemshwa huwajaza gesi na kuwaharisha, lakini maziwa mgando wanayamudu. Mwacheni kila mmoja ajaribu. Kumkataza mgonjwa maziwa bila sababu ni kumnyima protini na madini ya mifupa, na mtu aliyetumia prednisoloni kwa muda mrefu anayahitaji madini hayo kuliko ninyi na sisi.

Ugonjwa ukitulia, arudi polepole kwenye chakula cha familia. Tunasisitiza neno "polepole", na tunasisitiza neno "arudi". Tumekuta wagonjwa wawili watatu waliokaa miaka wakila wali mweupe na chai tu kwa hofu, wamekonda kama mtu mwenye njaa, na kweli walikuwa na njaa. Mchicha uliopikwa, kisha choroko au maharage yaliyomenywa, kisha matunda, kisha dona kidogo. Kitu kimoja kwa wakati, siku tatu au nne, halafu kingine.

Hapa ndipo daftari linaposaidia. Mgonjwa anunue daftari la shule la kurasa chache. Kila siku aandike alichokula, mara alizokwenda chooni, kama kulikuwa na damu, maumivu, usingizi, na kama amemeza dawa. Baada ya wiki tatu daftari litamwonyesha kinachomdhuru yeye, si kinachomdhuru shemeji yake. Daktari naye atalifurahia kuliko maelezo ya "naumwa tu".

Je, kuna chakula maalumu kilichothibitishwa kwamba huponya? Hakuna. Mapitio makubwa ya tafiti yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2019 hayakupata ushahidi wa uhakika kwamba mlo fulani huuleta utulivu au huulinda. Yapo mambo yenye dalili. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2004 uliwafuatilia wagonjwa 191 waliokuwa wametulia kwa mwaka mmoja, na waliokula zaidi nyama, hasa nyekundu na ile ya viwandani kama soseji, na waliokunywa zaidi pombe, ndio waliolipukiwa zaidi. Wapenzi wa nyama choma na bia ya Jumapili mmesikia. Na kwa wale watakaotukumbusha kwamba Mtume Paulo alimshauri Timotheo anywe divai kidogo kwa ajili ya tumbo lake, tunasema Timotheo hakuandikiwa dawa ya kolaitisi.

Deni letu

Sasa tulieleze lile deni.

Miaka michache iliyopita tuliandaa siku ya afya katika parokia mojawapo. Tulipima presha na sukari, tukatoa elimu ya lishe. Katika maandalizi, mfanyabiashara mmoja wa dawa za asili aliomba meza ndani ya ukumbi, na akatoa mchango kwa ajili ya mahema na viti. Tulikubali. Hatukumuuliza anauza nini. Baada ya misa akapewa hata kipaza sauti.

Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwa mwanakwaya mmoja, mwalimu wa shule ya msingi, baba wa watoto watatu. Alikuwa na kolaitisi iliyothibitishwa hospitali ya rufaa. Alikuwa ametulia kwa zaidi ya mwaka, akitumia sulfasalazini na prednisoloni kwa kiwango alichopangiwa. Aliambiwa kwamba dawa za hospitali ni kemikali, zinarundikana tumboni, na kwamba lazima kwanza asafishe utumbo kwa unga fulani, kisha atumie majani fulani, na vidonge aviweke kando ili "visigombane". Akanunua. Alikuwa amechoka kumeza vidonge, na nani kati yetu asingechoka? Tena maneno yale aliyasikia ndani ya ukumbi wa parokia, siku ya afya ya kanisa, chini ya bango lenye jina letu.

Wiki ya tatu aliletwa kwa pikapu ya parokia usiku. Alikuwa anatoka damu zaidi ya mara kumi kwa siku, ana homa, hawezi kukaa. Aliongezewa damu, akapewa dawa kwa mshipa kwa siku kadhaa, utumbo haukutulia. Madaktari wakalazimika kuutoa utumbo mpana ili kuokoa maisha yake. Yu hai, tunamshukuru Mungu. Anavaa mfuko tumboni wa kupokea choo. Amerudi darasani na amerudi kwaya, sauti ya pili. Ametupa ruhusa kuyasimulia haya bila jina.

Tulipokwenda kumtazama tulikuwa tumejiandaa kwa lawama. Alituuliza jambo moja tu: kwa nini siku ile hakuna mtu hata mmoja kwenye ile meza, wala kwenye zetu, aliyemuuliza anatumia dawa gani? Hatukuwa na jibu. Mchango ule wa mahema tuliutoa baadaye ukaingia kwenye gharama zake za matibabu, lakini haukutosha hata kwa safari.

Tangu hapo ukumbi wa parokia hautolewi kwa muuza dawa yeyote katika shughuli zetu, hata akija na mchango mkubwa. Tunaziomba kamati zote zifanye hivyo.

Dawa na mitishamba

Tukio lile linatupeleka kwenye dawa. Sulfasalazini si dawa ya jana. Ilibuniwa Sweden na daktari mwanamke, Nanna Svartz, kuelekea mwaka 1940, na hadi leo ni mojawapo ya dawa za bei nafuu zinazoutuliza ugonjwa huu na kuulinda usilipuke. Ndugu yake wa karibu ni mesalazini. Kazi kubwa ya dawa hizi hufanyika wakati mgonjwa anajisikia mzima, na hapo ndipo wengi huziacha. Utafiti mmoja uliochapishwa Marekani mwaka 2003 uliwaangalia wagonjwa 99 waliokuwa wametulia. Wale ambao hawakumeza dawa zao inavyotakiwa walikuwa katika hatari ya kulipukiwa zaidi ya mara tano kuliko waliozimeza. Hakuna chakula tunachokijua chenye nguvu ya namna hiyo.

Prednisoloni ni ya kuzima moto, si ya kukaa nayo miaka. Lakini haiachwi ghafla. Mwili ukishazoea kuipokea huacha kutengeneza homoni yake ya namna ile, na ukinyimwa kwa siku moja mtu anaweza kuanguka. Hupunguzwa hatua kwa hatua na daktari. Wala isinunuliwe dukani kwa kubahatisha, maana ikitolewa kwa mwenye amiba inaweza kumuua.

Sulfasalazini hupunguza vitamini ya foliki mwilini, kwa hiyo mgonjwa aulize kuhusu vidonge vya foliki. Kwa wanaume inaweza kupunguza mbegu za uzazi kwa muda, nazo hurudi dawa ikibadilishwa. Tunalitaja hili kwa sababu wapo vijana walioacha dawa kimyakimya baada ya kuoa, wakaogopa kuuliza. Na mama mwenye kolaitisi akipata mimba asitupe dawa zake. Kulipukiwa na ugonjwa ndiko kunakohatarisha mtoto. Aende kliniki, aseme anachotumia.

Jambo moja zaidi la dukani. Diklofenaki na ibuprofeni, ambazo watu wetu humeza kwa kila maumivu ya mgongo, zinaweza kuuamsha ugonjwa huu. Kwa maumivu ya kawaida mgonjwa atumie parasetamoli.

Sisi hatuzichukii dawa za mitishamba. Bibi zetu walitulea nazo. Manjano yamejaribiwa kwa wagonjwa wa kolaitisi na matokeo yanatia moyo, lakini sikilizeni vizuri: ilikuwa dondoo ya manjano, gramu 2 au 3 kwa siku, na ilitolewa juu ya mesalazini au sulfasalazini, si badala yake. Kijiko cha manjano kwenye wali hakimdhuru mtu, kitamu pia, lakini tusikiite dozi. Shubiri, ambayo siku hizi kila kituo cha basi inauzwa kwenye chupa, ina sehemu mbili. Ute mweupe wa ndani ulifanyiwa majaribio madogo. Utomvu wa njano ulio chini ya ganda ni dawa kali ya kuharisha, na chupa za kienyeji mara nyingi zimechanganya vyote viwili. Vivyo hivyo dawa zote za "kusafisha tumbo". Utumbo wenye vidonda hauhitaji kusafishwa.

Dalili za kumkimbiza mgonjwa hospitali siku hiyohiyo mzishike. Mwaka 1955 madaktari wawili wa Oxford, Truelove na Witts, waliandika vipimo ambavyo bado vinatumika: choo chenye damu mara 6 au zaidi kwa siku, pamoja na mojawapo ya haya, yaani homa inayozidi nyuzi 37.8, mapigo ya moyo yanayozidi 90 kwa dakika, au upungufu wa damu. Tumbo likivimba na kuwa gumu, msisubiri kuhesabu. Na mgonjwa aliyeishi na ugonjwa kwa miaka 8 arudi kwa daktari kupangiwa uchunguzi wa saratani, hata kama haumwi chochote.

Mwenendo wa maisha, pamoja na kufunga

Msongo wa mawazo hausababishi kolaitisi, ila wagonjwa wengi hutuambia kwamba mitihani, msiba au ugomvi wa shamba hufuatwa na siku mbaya. Usingizi wa kutosha, kutembea kila siku kadiri ya nguvu, kupunguza pombe na kuwa na mtu wa kumwambia ukweli, haya yote husaidia. Sala nayo husaidia. Tunawaombea wagonjwa wetu na tutaendelea. Yoshua bin Sira anatufundisha kumheshimu daktari na dawa kama vitu vitokavyo kwa Mungu, kwa hiyo anayeombea mgonjwa na kumwambia atupe vidonge amekata andiko katikati.

Wakati wa Kwaresima tunaulizwa kuhusu kufunga. Kanisa halimlazimishi mgonjwa kufunga. Mwenye kolaitisi iliyolipuka asifunge, na dawa asiziruke, aongee na padre wake kuhusu tendo jingine la toba. Majirani zetu Waislamu nao wanayo ruhusa kwa mgonjwa katika mwezi wa Ramadhani, kwa hiyo mkiwa na mgonjwa mtaani mwenu msione haya kumkumbusha.

Ufunguo wa choo

Tumefika kwenye jambo ambalo kamati zinaliweza bila kumsubiri daktari.

Tuliwauliza wagonjwa tunaowahudumia ni kitu gani kinachowazuia kuja kanisani. Tulidhani watasema udhaifu, au nauli. Wakasema choo. Misa ya saa mbili na nusu, choo kiko nyuma ya nyumba ya mapadre, kimefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa katekista ambaye naye yuko altareni. Dada mmoja ametuambia hajapokea Komunyo kanisani kwa miezi saba kwa sababu hiyo tu. Huwa anasikiliza misa ya redio. Mnamkumbuka yule mama wa Injili aliyetokwa damu miaka kumi na miwili, aliyemaliza mali yake kwa waganga na akaja kwa kujificha nyuma ya umati. Huyu wetu hata nyuma ya umati hafiki.

Kwa hiyo tunaomba kila parokia na kila kigango choo kimoja kiwe wazi muda wote wa ibada, chenye maji, taa na mlango unaofungwa kwa ndani. Benchi la mwisho karibu na mlango liachwe kwa wagonjwa, bila kuuliza ugonjwa gani. Walimu walio katika kamati zenu wawaruhusu wanafunzi wanaoomba kutoka, bila maswali mbele ya darasa.

Kwa wafadhili wetu ombi ni la aina mbili. La kwanza ni mifuko ya kupokea choo kwa waliofanyiwa upasuaji kama yule mwalimu. Wilayani haipatikani kirahisi, na wagonjwa hushona vitambaa au kufunga mifuko ya nailoni, ngozi ikachubuka. La pili ni akiba ya sulfasalazini na foliki kwa wagonjwa wasio na uwezo, ili dawa isikatike mtu akiwa ametulia. Tunaomba fedha zije kwa akaunti ya mfuko wa wagonjwa, na mahesabu yatatoka katika jarida hili kama kawaida.

Wenyeviti, fomu ya vyoo ipo mezani pale mlangoni. Ina mistari minne tu: jina la kigango, choo kipo au hakipo, kina maji au hakina, na ufunguo unakaa kwa nani. Tafadhali mtuletee kabla ya kikao cha robo mwaka ijayo.